Breki zilizoshikana zifunguliwe, zisilazimishwe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi wa magari hapa Mombasa tunakutana nalo kila mara, na ambalo wenye magari wengi hulichukulia kuwa dogo mpaka siku linapowagharimu. Nalo ni gari la zamani lililoegeshwa miezi au miaka bila kutumiwa, ambalo siku mwenyewe anapotaka kuliondoa injini inawaka vizuri lakini magurudumu yanakataa kuzunguka kwa sababu breki zimeshikana. Hoja yangu ni kuwa gari la namna hiyo halifai kulazimishwa liende, na hata likishakwenda, lisirudi barabarani mpaka magurudumu yote manne yafunguliwe na yatazamwe ndani.

Mji huu una magari mengi ya aina hiyo. Kuna wenzetu waliokwenda kufanya kazi Uarabuni wakaliacha gari uani kwa ndugu wakitarajia kurudi baada ya mkataba mmoja, kisha mkataba ukazaa mwingine, kuna mabaharia, kuna wazee ambao macho yamewazuia kuendesha lakini moyo haujawaruhusu kuuza, na kuna magari ya marehemu yanayongoja mirathi igawanywe, ambayo hakuna mrithi anayethubutu kuyagusa kwa kuchelea maneno. Mwaka 2020, serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka katika kaunti ya Mombasa kuanzia Aprili hadi Julai, magari mengi yalibaki palepale yalipoegeshwa, na tulipofunguliwa ndipo wengi walipojua kuwa miezi mitatu ya hewa ya pwani inatosha kabisa kuyafunga magurudumu. Nazungumzia hasa Toyota Corolla za kizamani, Datsun, na Peugeot 504, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978 na ambalo hadi leo lina wapenzi wake. Haya ni magari yanayostahili kutunzwa, na mimi ni mmoja wa wanaofurahi kuyaona yakitembea.

Ili mtu aelewe kwa nini nguvu si dawa, ajue kwanza kinachotokea ndani ya gurudumu. Diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi) na dramu (chuma cha umbo la ngoma kinachosukumwa kwa ndani na viatu vya breki vilivyovikwa lainingi ya kusugulia) kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma cha kusubu ambacho hakipakwi rangi mahali panaposuguliwa. Chuma kilicho wazi namna hiyo hupata kutu ya juu juu kwa usiku mmoja tu wa mvua, na hiyo si neno, kwani ukiendesha na kukanyaga breki mara chache inafutika. Lakini gari likikaa wiki na miezi, unyevu hujificha katikati ya pedi na diski, au katikati ya lainingi na dramu, mahali pasipofikiwa na jua wala upepo, na kutu inayoota hapo huvishikanisha vitu viwili vikawa kimoja. Baadhi ya pedi zenyewe zina chembe za chuma ndani yake, nazo hushika kutu pia. Kwetu hali ni mbaya zaidi kwa kuwa hewa inayotoka baharini imebeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu na huvuta unyevu hata siku ambazo mvua haikunyesha. Gari lililoachwa Nyali au Bamburi, uso kwa uso na upepo wa kusi, haliwezi kulinganishwa na gari lililoachwa Nairobi kwa muda uleule, na ndiyo sababu ushauri ambao jamaa wa bara hutupa kwa simu mara nyingi hautufai.

Handibreki ndiyo inayoanzisha mengi ya matatizo haya. Mtu anayekwenda safari ndefu huivuta mpaka mwisho akiamini kuwa analilinda gari lake, na kwa kufanya hivyo huwa ameyabana magurudumu ya nyuma kwa nguvu zake zote na kuyapa kutu nafasi ya kufanya kazi yake kwa utulivu. Waya wa handibreki nao hupita ndani ya ganda lake chini ya gari, na ganda hilo likishapasuka, maji huingia, waya hushika kutu na kukataa kurudi hata ukiishusha handibreki chini kabisa. Dereva huona mkono wa handibreki umeshuka, akaridhika, ilhali kule nyuma viatu vya breki bado vimeikumbatia dramu.

Kisha kuna upande wa mafuta, ambao watu wengi huusahau kwa sababu hauonekani. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya daraja la DOT 3 na DOT 4, yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limesimama. Unyevu huo huenda ukala chuma cha masta silinda (inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali), cha silinda za magurudumu na cha pistoni za kalipa (inayobana pedi kwenye diski), mpaka pistoni inakwama mahali ilipo. Mipira ya ndani hukakamaa. Na ile mipira mirefu inayopeleka mafuta kwenye magurudumu ya mbele, ikishazeeka, hufura kwa ndani ingawa kwa nje inaonekana mizima: mguu wa dereva una nguvu za kuyasukuma mafuta yapite, lakini ukiuondoa mguu mafuta hayana nguvu za kurudi, na breki inabaki imeshika. Pini za kalipa, zile ambazo kalipa huteleza juu yake, nazo hukauka grisi zikaganda. Kwa hiyo tunaposema breki zimeshikana tunataja maradhi zaidi ya moja, na kila moja lina tiba yake.

Basi hebu nieleze kinachofanywa mitaani. Huko Kisauni niliitwa kutazama Corolla ya steshen iliyokuwa imekaa chini ya mwembe tangu mwenyewe aliposafiri. Kabla sijafika, vijana walikuwa wameshaifunga kamba kwenye pikapu na kuivuta. Gurudumu la nyuma la kushoto halikuzunguka. Liliburutwa, likachora mfereji kwenye mchanga mpaka barabarani, kisha ukasikika mlio mkali, gurudumu likaachia, na watu wakapiga makofi. Mwenye dhamana ya gari alitaka nimtilie mafuta ya breki tu ili aondoke. Nilipomshawishi tukafungua dramu, tulikuta lainingi imebanduka nzima kutoka kwenye kiatu chake cha chuma. Ilikuwa imelala ndani peke yake, kipande kilichopinda sawasawa na duara la dramu, na juu ya kiatu yakabaki mabaka ya gundi ya rangi ya kahawia. Gurudumu lilikuwa likizunguka vizuri kwa mkono, na hilo ndilo lililokuwa likimpa kila mtu imani. Kipande kama kile kinaweza kusafiri ndani ya dramu kwa muda bila kelele yoyote, kisha siku moja kikasimama vibaya na kulifunga gurudumu ghafla gari likiwa kwenye mwendo. Na hata kisipofanya hivyo, breki ya gurudumu lile haipo tena, kwani chuma kitupu hakishiki dramu inavyotakiwa.

Kuna na wale wanaotumia injini badala ya kamba. Wanaingiza gia ya kwanza, wanakanyaga moto mpaka gari linatetemeka, kisha wanaachia klachi kwa ghafla. Hapo kinachovunjika kwanza si lazima kiwe kutu. Huenda ikawa klachi, huenda ikawa ekseli. Mimi sikatai kulitikisa gari taratibu, mbele kidogo na rivasi kidogo, kwa moto wa chini, kwa sababu kutu nyepesi iliyotokana na wiki chache za mvua mara nyingi huachia kwa namna hiyo na hakuna lililoharibika. Lakini likitikiswa mara kadhaa na lisisogee, huo ndio mwisho wa njia hiyo. Fundi aitwe, au mwenyewe kama ana vifaa na subira ashuke chini atazame.

Kazi yenyewe huanza kwa kuliweka gari mahali tambarare na pagumu, si kwenye mchanga, na kutia kabari au mawe makubwa kwenye magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka likalishwe juu ya stendi za chuma, na mtu asiingize hata mkono chini yake likiwa linategemea jeki peke yake. Halafu handibreki ishushwe, gia iwekwe huru, na kila gurudumu lijaribiwe kwa mkono, moja baada ya jingine, ili ijulikane ni lipi hasa lililoshika. Ni ajabu jinsi watu wanavyovunja vitu upande wa kulia wakati ugonjwa uko kushoto.

Gurudumu la mbele likiwa ndilo lililoshika, upo uchunguzi mmoja ambao hauhitaji chombo cha gharama. Fungua kidogo ile skrubu ndogo ya kutolea upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta) iliyo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, basi kalipa si mbovu; kuna shinikizo lililofungiwa, na wa kushukiwa ni mpira wa breki uliofura au masta silinda isiyorudisha. Mafuta yakitoka na gurudumu likabaki gumu vilevile, basi ni pistoni au pini zilizoganda, au pedi yenyewe imeshikana na diski. Uchunguzi huu wa dakika chache humwokoa mteja kununua kalipa asiyoihitaji. Ila skrubu hiyo nayo hushika kutu, na ikikatika huleta kazi kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa hiyo itiliwe mafuta ya kulainisha kutu mapema, ikiwezekana tangu jana yake, na ifunguliwe kwa spana ya ringi inayoikaa barabara, wala si kwa koleo.

Dramu za nyuma zinataka subira zaidi. Kwa gari lililotumika sana, dramu huwa imelika katikati na kuacha ukingo pembeni, na ukingo huo hunasa viatu hata kama kutu imeshaachia. Ndiyo maana kabla ya kupiga nyundo ni lazima adjasta, ile inayosogeza viatu karibu na dramu, ilegezwe kupitia tundu lililo nyuma, viatu virudi ndani. Baadaye dramu igongwe kwa kiasi, kuzunguka uso wake baina ya bolti za gurudumu, kwa nyundo yenye kipande cha ubao katikati, kwa kuwa chuma cha kusubu kikipigwa kwa hasira hupasuka. Dramu nyingi za magari ya Kijapani zina matundu mawili yenye nyuzi usoni, na watu wengi hudhani ni mapambo. Ukiingiza bolti mbili za saizi yake na kuzikaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, dramu inasukumwa nje yenyewe bila ghasia. Mafuta ya kulainisha kutu yatiwe katikati kwenye kitovu tu, kwa kipimo cha matone. Yakiingia kwenye lainingi, lainingi hiyo imekwisha. Haioshwi kwa petroli ikarudishwa, kama ninavyoona ikifanywa.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa ajili ya vijana wetu wanaojifunza kazi. Lainingi nyingi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likivutwa ndani ya mapafu husababisha maradhi mabaya, ikiwemo saratani, ambayo hujitokeza miaka mingi baadaye wakati mtu ameshasahau alikolipata. Hakuna anayeweza kujua kwa macho kama vumbi lililo ndani ya dramu ya Datsun ya kale lina asbesto au halina. Hata hivyo katika gereji nyingi za kando ya barabara, kitu cha kwanza anachoamrishwa mwanafunzi baada ya dramu kutoka ni kuipuliza kwa mashine ya upepo, na wingu jeusi linapanda hadi usoni pake na usoni pa mama anayeuza mahamri pale jirani. Vumbi hilo lilowanishwe kwa maji yenye sabuni, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe ndani ya mfuko kabla ya kutupwa. Nawaomba mafundi wenzangu, kwa heshima zote, tusiwauzie watoto wa watu maradhi kwa sababu ya kuokoa dakika tano.

Gurudumu likishafunguliwa, sasa kitazamwe kila kitu. Lainingi iliyopasuka au iliyoanza kuinuka pembeni ibadilishwe, na ibadilishwe pande zote mbili za ekseli hiyo, kwa sababu ukitia mpya kushoto na kuacha kuukuu kulia gari litavuta upande mmoja kila ukikanyaga breki. Ukingo wa mpira wa silinda ya gurudumu uinuliwe taratibu: kukiwa na majimaji ndani, silinda inavuja. Diski ambayo pedi ililala juu yake kwa mwaka mzima mara nyingi hubaki na alama ya umbo la pedi iliyochimbika, na alama hiyo ndiyo inayofanya pedali itetemeke chini ya mguu. Ikiwa imechimbika sana haiponi kwa msasa, na inafaa ipelekwe kwa mwenye mashine ya kuchonga au ibadilishwe. Kwenye diski nyingi umepigwa chapa unene wa mwisho unaoruhusiwa, na kwenye dramu kipenyo cha mwisho, kwa hiyo hakuna haja ya fundi kukisia wala ya mteja kubishana naye. Pini za kalipa zipakwe grisi maalumu ya breki ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi haifai mahali penye mpira, kwani huufanya mpira ufure, na vivyo hivyo petroli na dizeli zisitumike kuoshea kitu chochote cha ndani ya silinda. Spiriti au mafuta mapya ya breki yanatosha.

Juu ya mafuta ya breki nataka nisisitize, kwa kuwa ndipo mahali wateja wanapobania pesa. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya kufikia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Breki inayoburura haipoi, inaongeza joto kadiri gari linavyokwenda, na dereva anayeshuka mteremko wa Mazeras akirudi mjini na familia yake anaweza kufika mahali mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, na pedali inazama mpaka sakafuni bila gari kupunguza mwendo hata kidogo. Gari lililokaa libadilishwe mafuta yote, si kuongezewa juu, na baadaye yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Na wakati wa kutoa upepo, anayekanyaga pedali asiikanyage mpaka mwisho. Katika masta silinda ya zamani, sehemu ya mbele ambayo pistoni haikuwa ikifika kwa kazi ya kila siku huwa imejaa kutu, na mipira ya pistoni ikisukumwa kule inachanika. Kipande cha ubao chini ya pedali kinatosha kuzuia hasara hiyo. Nimeona magari yaliyoingia gereji na masta silinda nzima yakatoka na mbovu kwa sababu tu ya mguu wa mtu mwenye pupa.

Baada ya hapo gari lijaribiwe mahali wazi, kwa mwendo wa chini, asubuhi kabla barabara hazijajaa. Likienda kilomita chache, dereva asimame na asogeze kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kupita nyenzake, au kukiwa na harufu ya kuungua, breki ya hapo bado inashika, na kazi haijaisha. Pedali isizame polepole mguu ukiwa juu yake. Gari lisivute upande. Handibreki ijaribiwe kwenye mwinuko halisi, wala si uani.

Nasema hivyo nikiwafikiria watu wa Likoni na Mtongwe. Sisi wa mji huu tunashusha magari kwenye mteremko wa kivuko mbele ya mamia ya watu wanaotembea kwa miguu, wakiwa na mizigo na watoto migongoni, hawana pa kukimbilia. Pale juu ya feri gari husimama kwa handibreki na gia tu. Kwa hiyo breki ya gari kuukuu si suala la mwenye gari peke yake, na ninapoona gari ambalo jana lilivutwa kwa kamba leo liko kwenye foleni ya feri, siwezi kunyamaza kwa kisingizio kwamba kila mtu na mali yake.

Kwa wale ambao bado hawajasafiri, kuliacha gari vizuri ni rahisi kuliko haya yote. Liegeshwe mahali tambarare, juu ya saruji kama ipo, si juu ya majani wala mchanga unaotoa unyevu usiku. Litiwe gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, na magurudumu yawekewe kabari pande zote mbili, kisha handibreki iachwe chini. Liendeshwe kilomita chache kabla ya kuegeshwa na breki zikanyagwe mara kadhaa ili zikauke kwa joto lake zenyewe. Gari lililotoka kuoshwa, au lililopita kwenye maji yaliyojaa barabarani msimu wa masika, lisizimwe likiwa bichi. Kama lilipita kwenye maji ya bahari, lioshwe kwanza chini kwa maji matamu. Kivuli cha makuti ni kizuri, lakini turubai la plastiki lililofungwa mpaka chini hufungia mvuke ndani na kudhuru kuliko kusaidia. Na ufunguo uachwe kwa mtu mzima anayejua kuendesha, aliondoe gari kila wiki au mbili, alizungushe mtaani na kukanyaga breki sawasawa, kwa sababu kuwasha injini tu na kuliacha lingurume pale pale, kama wengi wanavyofanya, hakuifanyii breki jambo lolote.

Najua watu watasema gharama. Ni kweli kwamba viatu vipya, silinda, mipira na mafuta vikijumlishwa vinaweza kukaribia bei ambayo familia inatarajia kuliuza gari lenyewe, na mjane anayetaka kugawa haki za watoto hana pesa za kutia kwenye gari ambalo si lake tena. Simlaumu. Lakini yupo dalali anayeingia hapo katikati, anayelikwamua kwa kamba, anayelipaka rangi nyeusi matairi yang'ae, na kumwambia mnunuzi kwamba breki zimeshafunguliwa, ilhali zilichofanyiwa ni kuvutwa. Mnunuzi huyo mara nyingi ni kijana anayenunua gari lake la kwanza. Ningependa familia zinazouza zikubali kuandika katika hati ya mauzo gari lilikaa kwa muda gani na kwamba magurudumu hayakufunguliwa, bei ishushwe kwa ajili hiyo, na gari lipakiwe juu ya lori la kubebea magari mpaka kwenye gereji ya mnunuzi badala ya kuendeshwa. Na mnunuzi naye, kabla ya kutoa arubuni, amlete fundi wake mwenyewe mwenye jeki na stendi, dramu za nyuma zitolewe mbele ya macho yake, na muuzaji akikataa hilo asinunue.

Wako,
Fundi wa magari,
Majengo, Mombasa